Ada Haijapanda

Jina la nchi hii silitaji. Si woga. Daktari wangu ameniambia nijiepushe na mambo yanayopandisha shinikizo la damu, na kulitaja jina hilo ni mojawapo. Itoshe kusema kwamba ni nchi nzuri, ina milima, ina mito, ina mawaziri wengi kuliko mito, na ilikuwa ya kwanza katika ukanda wake kuyaweka maisha yote ya wananchi kwenye Mnyororo.

Mnyororo Mkuu, kwa msomaji ambaye hajabahatika kuishi nao, ni kumbukumbu ya taifa inayotunzwa kwenye kompyuta nyingi kwa wakati mmoja, kila moja ikimchungulia mwenzake asije akadanganya. Maandishi yake hupangwa kwa vipande vinavyoitwa pingili, kama pingili za muwa, kila moja imeshikana na iliyoitangulia, na kilichoandikwa humo hakifutiki. Wazo lilikuwa jema. Hati za mashamba zilikuwa zikiibwa, vyeti vikighushiwa, marehemu wakipiga kura. Serikali ikaona dawa ni kuandika kila kitu mahali ambapo hata yenyewe haiwezi kufuta. Wananchi walishangilia, na hakuna aliyeuliza kwa nini serikali imefurahi namna ile kufungwa mikono.

Shida ilikuwa moja tu. Pingili ni ndogo na nchi ni kubwa. Watu wakapanga foleni, na foleni ikageuka mnada: mwenye ada kubwa anaandikwa kwanza, asiyenacho anangoja. Kuandikisha mbuzi kukawa ghali kuliko mbuzi. Kuna bwana harusi mmoja wa nyanda za juu ambaye ndoa yake ilikaa kwenye foleni mpaka bibi harusi akajifungua, ikabidi mtoto naye apange foleni nyuma ya ndoa ya wazazi wake.

*

Ndipo Wizara ya Mnyororo ilipojenga Tabaka la Pili, na ndipo Sikudhani Mapande alipoingia katika historia.

Jina hilo la Sikudhani alipewa na bibi yake, halina uhusiano wowote na kazi aliyokuja kuifanya. Alikuwa Naibu Msemaji wa Wizara, mwanamke wa makamo, mwenye sauti tulivu ambayo watu walipenda kuisikiliza redioni hata alipokuwa akitangaza kukatika kwa maji. Kipaji chake kilikuwa kuchukua jambo la wataalamu na kulifanya lieleweke hata na mtu anayesonga ugali.

“Kwenye Mnyororo Mkuu,” alieleza siku ya uzinduzi, “kila mtu alikuwa anakodi Fuso zima kupeleka gunia moja la vitunguu. Tabaka la Pili maana yake tunakusanya magunia, tunayafunga pamoja, Fuso linakwenda mara moja, nauli tunagawana.”

Akaendelea kueleza kwamba ada ya kila mtu ina sehemu mbili. Ya kwanza ni ujira wa kupakia, nao ni mdogo, nusu senti tu. Ya pili ni mgawo wa nauli ya kuushusha mzigo hadi Mnyororo Mkuu. Barabara ikiwa tupu, mgawo hauonekani hata kwa miwani. Barabara ikijaa, nauli inapanda na mgawo unapanda nayo, hata kama wapakiaji hawajaongeza kitu. Yalikuwa maelezo ya kweli, na watu waliyaelewa. Wauza samaki sokoni walianza kuulizana asubuhi, “Barabara leo ikoje?”

Mwaka wa kwanza mambo yalikwenda vizuri sana, na sina budi kukiri hilo, maana mimi si mtu wa upinzani. Mtambo wa kukusanya mizigo ulikuwa mmoja, ukiendeshwa na kampuni ya shemeji yake Waziri, kwa sababu za usalama. Ziada iliyobaki baada ya kulipa nauli iliitwa Akiba ya Utulivu, na shemeji alionekana mtulivu kwelikweli.

*

Waziri mwenyewe alikuwa Mheshimiwa Profesa Balozi Ndelemo Kasindi, mwenye shahada ya uzamivu kutoka chuo kikuu ambacho ujenzi wake umefikia asilimia sitini. Katika kuadhimisha mafanikio ya wizara yake aliamua kwamba kila mtumishi wa umma atunukiwe Nishani ya Kidijitali. Nishani hiyo ilikuwa picha ya Waziri akitabasamu. Wataalamu walipendekeza picha zihifadhiwe mahali pengine, penye nafasi. Waziri alikataa. Alitaka zichongwe moja kwa moja kwenye Mnyororo Mkuu, kila moja kwa ukubwa wake kamili.

“Picha ni kumbukumbu, na kumbukumbu isiyofutika ni uzalendo,” alisema mbele ya bendi ya polisi. “Nisipotabasamu milele, vizazi vijavyo vitajuaje kwamba nilitabasamu?”

Watumishi wa umma katika nchi ile ni wengi, na tabasamu la Waziri lilikuwa zito. Pingili zikajaa meno. Na kwa kuwa kwenye mnada Hazina haina uchungu na fedha isiyoitolea jasho, kila tabasamu liliwekewa ada ya juu kuliko mtu yeyote, likatangulia. Mafuso ya Tabaka la Pili yakasimama barabarani na mizigo ya wananchi, yakilazimika kupandisha nauli ili nayo yapite. Mgawo ukapanda mara mbili, ukapanda mara kumi, kisha wataalamu wakaacha kuhesabu kwa heshima ya itifaki.

Kikao kikaitwa. Wataalamu walisema kuna njia mbili, kusimamisha nishani au kuwaeleza watu ukweli. Waziri aliwashukuru kwa mchango wao, akamgeukia Sikudhani na kumwomba sentensi.

Sikudhani alitoka akaenda kunywa chai. Aliporudi alikuwa nayo: “Ada ya Tabaka la Pili haijapanda hata senti moja.”

Waziri aliirudia taratibu, kama mtu anayeonja pilau. Akauliza kama ni kweli. Sikudhani akamjibu kwamba ada ya Tabaka lenyewe, yaani ule ujira wa kupakia, bado ni nusu senti. Kilichopanda ni mgawo, na sentensi haikuutaja mgawo.

“Basi ni ukweli mtupu,” alisema Waziri.

Ili ukweli huo usichafuliwe, iliamuliwa kwamba kwenye simu za wananchi ionekane sehemu ya kwanza tu ya ada. Ya pili ingekatwa kimyakimya. Mwezi huohuo Sikudhani alipewa gari jeupe na dereva. Wanaomfahamu wanasema wiki za mwanzo hakuwa na raha nalo, kisha akazoea, kama mtu anavyozoea kiatu.

*

Sasa niwapeleke Kwedizinga, mji mdogo wa mabondeni, nyumbani kwa Bi Nyanzala, mama yake mkubwa Sikudhani. Ndiye aliyemlea tangu akiwa mdogo na kumsomesha kwa mapato ya mashine ya kusaga, akirudi kila jioni mweupe kwa unga hadi kope. Bi Nyanzala alifariki alfajiri ya Ijumaa, baada ya kuugua kidogo tu. Aliacha mume, Mzee Chambuso, na mtoto mmoja wa kiume, Mkude, fundi wa kuchomelea mageti.

Mkude alikuwa mtu mzima, mkimya, mwenye makovu ya cheche mikononi. Katika ujana wake aliwahi kunasa kwenye kamari ya mpira, akauza hadi baiskeli ya baba yake. Alikuwa ameacha siku nyingi. Lakini mji mdogo hausahau, na baba hasahau kabisa.

Sheria ya nchi ile ilitaka kila maziko yapate kibali kwenye Mnyororo. Hata lango la makaburi lilikuwa na kufuli linalousikiliza Mnyororo, ambalo halifunguki mpaka kibali kiingie, ili marehemu asizikwe kiholela. Ndugu na majirani wakachanga, fedha zikatumwa kwenye simu ya Mkude kwa kuwa ndiye mwenye simu ya maana, naye akaenda nyuma ya nyumba, penye mtandao, kuomba kibali.

Simu ilimwonyesha ada: nusu senti. Kwa tahadhari akaweka nyingi zaidi ya hiyo. Mtambo ukaupokea mzigo, ukaanza kazi, ukafika katikati, ada ikaisha, kazi ikafutwa. Ada haikurudi. Hiyo ni kanuni ya kawaida huko: mtambo unalipwa kwa kuchoka, si kwa kufika. Mkude akajaribu tena, akaongeza. Ikaliwa. Akaongeza tena. Hakuna mahali palipomwambia ni kiasi gani kinatosha, maana sehemu hiyo ilikuwa imefichwa ili asiwe na wasiwasi.

Wakati huo wanaume walikuwa wamekaa kwenye mikeka barazani, redio imefunguliwa kwa sauti ya chini wakingoja matangazo ya vifo, wamsikie marehemu wao akitajwa. Kabla ya vifo kukawa na taarifa ya Wizara. Sauti ya Sikudhani ikatoka, tulivu kama kawaida, ikisema kuna wapotoshaji wanaoeneza maneno, na kwamba ada ya Tabaka la Pili haijapanda hata senti moja. Ilikuwa imerekodiwa siku iliyotangulia. Mzee Chambuso aliwanyamazisha watu kwa mkono ili wasikie vizuri. Katika msiba ule ndiyo mara ya kwanza kuonekana uso wake umenyooka kidogo. Akamwambia aliyekuwa karibu naye kwamba huyo ni mwanawe.

Ndipo Mkude alipotokea nyuma ya nyumba, shati limelowa jasho, akainama sikioni mwa baba yake na kumwambia fedha zimekwisha, zote zimeliwa na ada, na kibali hakijapatikana.

Mzee hakuinama wala hakunong’ona.

“Ada gani?” aliuliza. “Dada yako amesema sasa hivi, watu wote wamesikia.”

Mkude akaanza kueleza habari ya mtambo kuchoka. Hakufika mbali. Watu walikuwa wameshatazamana. Mmoja akakohoa. Mzee Chambuso akasimama.

“Mama yako yuko ndani na sanda yake,” alisema, “na wewe umemchezea kamari.”

Mtendaji wa kata alikuwa miongoni mwa waombolezaji, na kishikwambi cha serikali kilikuwa mapajani pake. Aliona ni wajibu wake. Akaandika papo hapo shtaka dhidi ya Mkude Chambuso, la kuiba fedha za maziko ya mama yake mzazi, akamwomba Mzee aweke kidole, na Mzee kwa hasira akaweka. Shtaka lilipita bila shida, kwa kuwa ada ya mtendaji hulipwa na Hazina.

Hapa nieleze kanuni moja, kwa sababu ndiyo iliyobeba yaliyofuata. Kuhakiki kila jambo ni gharama. Kwa hiyo kwenye Tabaka la Pili jambo likisemwa huaminiwa kwanza. Linakaa wiki nzima, na mtu yeyote mwenye ushahidi anaweza kuleta pingamizi. Wiki ikipita bila pingamizi, linachongwa kwenye Mnyororo Mkuu kuwa kweli ya milele. Kimya ndicho shahidi wa mwisho.

*

Sikudhani alifika mchana na gari lake jeupe. Akapokewa kwa vilio na kwa heshima. Mzee Chambuso akamshika mkono, akamketisha pembeni na kumsimulia alichofanya Mkude, na aliposimulia alilia, si kwa ajili ya marehemu, bali kwa aibu ya kuzaa.

Sikudhani alielewa kabla Mzee hajamaliza. Alijua mtambo, alijua kilichofichwa, alijua nani alikifichisha. Ilikuwa nafasi yake ya kusema. Maneno machache yangetosha, hata ya kunong’ona. Akafungua mdomo, akaona nyuso za wazee zilivyokuwa zikimtazama, zikingoja busara ya mtu wa serikali.

“Baba, tuzike kwanza,” alisema.

Watu wakaitikia kwa vichwa. Walisema huyu ndiye mtoto.

Akajitenga kidogo, akalipia kibali kwa fedha zake. Alijua kiasi cha kweli, akakiweka chote, na kilikuwa kiasi cha kununulia ng’ombe wa maziwa. Kibali kikaingia mara moja. Alidhani ameokoa jambo. Lakini habari ilivyozunguka barazani ilikuwa hivi: dada kajaribu mara moja tu, imekubali. Kwa hiyo mtandao ni mzima, ada ni ileile, na mwizi ni mwizi. Wachache waliokuwa na shaka juu ya Mkude hawakuwa nayo tena.

Desturi ya huko wanawake hawaendi makaburini, ila siku hiyo Sikudhani ilimbidi afike hadi langoni, maana kufuli lilitaka simu iliyolipa. Lango likafunguka, jeneza likapita, naye akabaki pale ameshika simu mkononi. Kutoka langoni aliona yote. Aliona wanaume wakishuka kaburini kumpokea marehemu. Aliona Mkude akivua viatu ili ashuke, kama inavyompasa mtoto. Aliona Mzee Chambuso akimwekea mkono kifuani. Hakusikia Mzee alichosema, lakini wengine walimsimulia baadaye: “Mikono hiyo haitamshika.” Akashuka mtoto wa jirani.

Mkude alisimama na viatu vyake mkononi mpaka mchanga wa mwisho ukatiwa kaburini.

Watu walipotawanyika alipita langoni peke yake. Sikudhani alitaka kuanza na pole, lakini Mkude alimtangulia, kwa sauti ya kawaida ya mtu anayeuliza njia.

“Dada, kwako ilikata zaidi ya nusu senti?”

Sikudhani akatazama chini. “Zaidi,” alisema.

“Asante,” akajibu Mkude. “Nilianza kudhani labda kweli nimeiba.”

Hakumwomba awaambie watu. Hakumwomba chochote. Alivaa viatu akaenda zake, na dereva wa gari jeupe anasimulia kwamba safari ya kurudi mjini Mheshimiwa Naibu Msemaji alimwomba azime redio.

*

Wizarani alipokewa kwa pole. Waziri, kwa moyo wake mkunjufu, alikuwa ameagiza marehemu Bi Nyanzala atunukiwe nishani, ingawa hakuwa mtumishi wa umma. Kwa hiyo mpaka leo, anayetafuta jina la yule mama aliyesaga mahindi ya Kwedizinga maisha yake yote, kwanza anakutana na meno ya Profesa Balozi Kasindi.

Sikudhani akamwomba Waziri jambo dogo, sehemu ya pili ya ada irudishwe kwenye simu za watu, waone kinachokatwa. Waziri alisema anauelewa msiba wake, lakini huzuni isiifanye serikali ianze kueleza mambo. Ndipo Sikudhani akamweleza habari ya Mkude na shtaka lake. Waziri akaegemea kiti, akafikiri kwa ukarimu.

“Usijisumbue,” alisema. “Wiki ikipita, jambo linakuwa kweli lenyewe. Hutalazimika kufanya lolote. Huo ndio uzuri wa teknolojia.”

Sikudhani alitoka ofisini humo akarudi mezani kwake, na hapo, sitaki kumpamba, alikaa siku kadhaa akifanya kazi. Aliandika taarifa. Aliidhinisha vipeperushi. Sauti yake iliendelea kusikika kila asubuhi ikisema ile sentensi, maana ilikuwa imeshapangwa kwenye ratiba. Mara ya mwisho aliisikia akiwa saluni, kichwa kimeinamishwa kwenye beseni. Msusi akacheka kidogo akasema, “Mama huyu anasema uongo vizuri jamani, mpaka unatamani kumwamini.” Hakujua anamwosha nani nywele. Sikudhani akabaki ameinama, maji yakimwingia masikioni, na hakuinuka hata alipoambiwa tayari.

Alipotoka pale hakwenda kazini. Alimwacha dereva, akaenda kwa miguu hadi kituo cha huduma za Mnyororo, akasimama kwenye foleni pamoja na watu waliokuwa na vibali vya ng’ombe na vyeti vya watoto. Wiki ilikuwa haijaisha, lakini ilikuwa imechakaa.

Kufungua pingamizi si kazi ngumu kwa anayejua. Mtambo ulimuuliza ni jambo gani si kweli. Akajibu: shtaka dhidi ya Mkude Chambuso. Ukataka ushahidi. Akaweka rekodi ya majaribio yote ya Mkude, moja baada ya jingine, na ya kwake mwenyewe, ionekane mgawo ulikuwa kiasi gani saa zile na fedha zilikokwenda, akaongeza kwamba shtaka lilitokana na uongo wa redioni kuwa ada haijapanda. Kisha mtambo ukauliza swali la mwisho, kwa kuwa Mnyororo haukubali uongo usio na mwenyewe: nani alisema ada haijapanda?

Sikudhani akaandika, “Wizara.” Mtambo ukakataa, wizara haina kidole cha kuweka sahihi. Akaandika, “Mfumo.” Ukakataa vilevile. Nyuma yake mzee mwenye kibali cha ng’ombe alianza kuguna.

Akaandika jina lake kamili, la kwake, la baba yake na la babu yake.

Binti wa kaunta alilisoma, akamtazama, akalisoma tena. Akamwonya kwa adabu kwamba likishaingia halitafutika, hata wajukuu zake watalikuta. Sikudhani akaweka kidole. Ada ya siku hiyo ilikuwa ya juu kuliko zote, kwa sababu walimu wa shule za msingi nao walikuwa wameanza kutunukiwa. Akailipa kama walivyolipa wengine, bila kuambiwa ni kiasi gani.

*

Kesho yake akaenda Kwedizinga kwa basi. Alimkuta Mzee Chambuso peke yake barazani. Hakukaa mkekani alipokaribishwa. Alipiga magoti sakafuni kama alipokuwa msichana, akasema yote: sentensi, chai, simu zilizofichwa ada, kibali cha bei ya ng’ombe. Mzee alimsikiliza bila kumkatiza. Alipomaliza akamuuliza jambo moja.

“Siku ile makaburini, ulikuwa umeshajua?”

“Nilikuwa nimeshajua, baba.”

Mzee hakumfokea, na Sikudhani anasema laiti angemfokea. Alisema kwa upole, kana kwamba anamweleza mtoto, “Mama hazikwi mara mbili, Sikudhani.” Kisha akatafuta viatu vyake, akakosea kuvivaa, akavivaa upya, akatoka kwenda karakana ya mwanawe.

Aliyoyakuta huko tumeyapata kwa mafundi wengine. Mkude alikuwa kazini, kinyago cha kuchomelea usoni, cheche zinaruka. Mzee alisimama nje ya kizuizi, mahali wanaposimama wateja. Mkude alimwona, na hakuzima mashine. Mzee akaendelea kusimama. Alisimama hata geti lilipokwisha na jingine likawekwa, mpaka mafundi wakaona haya kwa niaba yao wote wawili wakaenda kunywa chai. Waliporudi baba na mwana walikuwa wameketi kwenye chuma kimoja, hawatazamani, na Mkude alikuwa bado amevaa kinyago.

Shtaka lilitenguliwa kabla halijachongwa. Kilichoshuka hadi Mnyororo Mkuu ni pingamizi, na ndani yake jina la Sikudhani. Wizara ilichukua hatua mara moja. Ilitoa taarifa kwamba hakuna ofisa wake aliyewahi kusema uongo; kwa hiyo kauli ya Bi Mapande kwamba alisema uongo ndiyo uongo wa kwanza, na kwa kosa hilo ameachishwa kazi. Naibu Msemaji mpya aliteuliwa, kijana mwenye sauti nzuri. Alianza kwa kuwahakikishia wananchi kwamba ada haijapanda. Kwenye masoko, nasikia, watu wakilisikia neno hilo sasa hushika mifuko yao kwanza.

Siku ya arobaini ya Bi Nyanzala, Sikudhani alikwenda. Hakuna aliyemkataza. Wanawake walimsogezea kigoda, wakampa kisu na karai la viazi, akamenya. Walimjibu salamu, wakamsimulia habari za watoto. Ila kila aliyeketi karibu yake alikumbuka jambo la kufanya upande mwingine, na kufikia adhuhuri kigoda chake kilikuwa peke yake, ingawa hakuna aliyekihamisha.

Chakula kilipoiva, Mkude alipita na birika na beseni akiwanawisha wageni, kwanza wazee, kisha wanaume, kisha akavuka upande wa kina mama, kwa kuwa wahudumu walikuwa wachache. Alimnawisha mmoja baada ya mwingine. Akafika kwa Sikudhani, akasimama. Maongezi ya pale yakapungua. Sikudhani akanyoosha mikono yake bila kuinua uso.

Mkude akaiinamisha birika. Alimimina kama alivyowamiminia wengine, si zaidi, si pungufu, macho yake yakitazama mbali juu ya mapaa. Kisha akaenda kwa aliyefuata.

Mikono ya Sikudhani ilibaki imenyooshwa hewani, ikidondosha maji, muda mrefu baada ya birika kuondoka.